Paul Nordoff

Paul Nordoff (Philadelphia, Marekani, Juni 1909 – Herdecke, Ujerumani Magharibi, 18 Januari 1977) alikuwa mtunzi wa muziki, mpiga piano na mwalimu wa chuo kutoka Marekani. Anakumbukwa hasa kama mmoja wa waanzilishi wa tiba ya muziki kwa watoto wenye ulemavu. Pamoja na Mwingereza Clive Robbins (1927–2011), aliyekuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, alianzisha njia ya tiba ambayo hadi leo inaitwa kwa majina yao mawili: Nordoff-Robbins.

Alipoanza kazi hiyo alikuwa anakaribia umri wa miaka 50 na alikuwa tayari mtunzi anayejulikana. Aliacha nafasi yake chuoni ili apige piano mbele ya watoto ambao wakati huo, katika nchi nyingi, walihesabiwa kuwa hawawezi kufundishwa: watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili na ulemavu mwingine tangu utotoni.

Maisha ya awali

Nordoff alizaliwa katika mji wa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Kipaji chake cha muziki kilionekana mapema, akasoma katika chuo cha muziki cha mji huo. Baadaye alijiunga na shule ya Juilliard mjini New York. Huko alifundishwa piano na Olga Samaroff, mmoja wa walimu mashuhuri wa piano wa wakati huo, na utunzi na Rubin Goldmark, ambaye pia aliwahi kumfundisha Aaron Copland.

Akiwa bado kijana alipata ruzuku ya Guggenheim mara mbili, mwaka 1933 na mwaka 1935. Ruzuku hiyo hutolewa kwa wasanii na wataalamu ili wapate nafasi ya kufanya kazi zao bila kuhangaikia riziki. Mwaka 1940 alipewa pia tuzo ya Pulitzer ya masomo ya muziki.

Mtunzi na mwalimu

Muziki wake wa miaka hiyo ulikuwa wa kimapokeo na wenye nyimbo zinazokaa masikioni, tofauti na watunzi wengi wa kizazi chake waliopenda kuvunja kanuni za zamani. Alitunga nyimbo za sauti moja na piano, muziki wa okestra, opera na muziki wa dansi. Mcheza dansi maarufu Martha Graham alitumia muziki wake katika kazi mbili: Every Soul Is a Circus (1939) na Salem Shore (1943). Opera yake Mr. Fortune ilitokana na riwaya ya mwandishi Mwingereza Sylvia Townsend Warner, aliyekuwa rafiki yake kwa miaka mingi. Warner ndiye aliyemwandikia pia maneno ya opera nyingine, The Sea-Change.

Sambamba na utunzi, Nordoff alikuwa mwalimu. Alifundisha kwanza Philadelphia, kisha katika chuo cha serikali cha Michigan, na tangu mwaka 1949 katika chuo cha Bard kilichopo jimbo la New York. Katika miaka hiyo alivutiwa na anthroposofia, yaani mafundisho ya Rudolf Steiner (1861–1925) kuhusu mwanadamu na roho. Wafuasi wa Steiner walikuwa wameanzisha makao kadhaa ya watoto wenye ulemavu barani Ulaya, na katika makao hayo sanaa ilikuwa sehemu ya malezi ya kila siku. Kwa njia hiyo Nordoff alifika mahali palipobadilisha maisha yake.

Safari ya mwaka 1958

Mwaka 1958 Nordoff alipata likizo ndefu ya masomo akasafiri Ulaya. Nchini Uingereza alitembelea Sunfield, makao ya watoto wenye ulemavu yaliyoanzishwa mwaka 1930 na kuwekwa katika kijiji cha Clent, karibu na Birmingham. Huko alikutana na daktari Herbert Geuter, aliyekuwa akichunguza matumizi ya sanaa katika tiba, na pia Clive Robbins, aliyekuwa akifundisha hapo.

Robbins alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuelewa maisha ya mwili usiotii. Akiwa kijana katika jeshi la anga la Uingereza alijeruhiwa kwa risasi, na mkono wake wa kushoto ukapooza kwa sehemu kubwa, hivyo hakuweza tena kupiga piano kama zamani. Nordoff alikuwa na mikono ya mpiga piano lakini hakuwa na uzoefu wa watoto hao, naye Robbins aliwajua watoto. Kila mmoja alikuwa na kile alichokosa mwenzake.

Majaribio ya kwanza yalifanyika kwa mtoto mmoja mmoja. Nordoff alikaa kwenye piano na kubuni muziki papo hapo, huku akimtazama mtoto. Alibadilisha mwendo, ngazi za sauti na mitindo ya nchi mbalimbali, akiangalia ni muziki gani uliomfanya mtoto ageuke, atulie, alie au aimbe. Aligundua kwamba watoto waliofanana kwa jina la ugonjwa hawakufanana katika muziki: kila mmoja aliitikia kwa namna yake.

Mwaka 1959 Nordoff aliacha kazi yake katika chuo cha Bard. Tangu hapo hakurudi tena kwenye maisha ya mtunzi wa majukwaani.

Kazi ya pamoja na Clive Robbins

Wawili hao walifanya kazi pamoja Sunfield mwaka 1959 na 1960, kisha wakatembelea taasisi za watoto wenye ulemavu katika nchi kadhaa za Ulaya. Kazi yao iligawanyika wazi. Nordoff alikuwa kwenye piano na aliimba. Robbins alikaa au kusimama kando ya mtoto, akamsaidia kushika fimbo ya ngoma, kuelekeza mkono, au kubaki chumbani tu bila hofu. Mgawanyo huu wa watu wawili, mmoja kwenye ala na mwingine pamoja na mtoto, umebaki kuwa alama ya njia yao.

Pamoja na tiba ya mtoto mmoja mmoja walitunga michezo ya kuimba kwa vikundi. Mmojawapo ni Pif-Paf-Poltrie, uliotokana na hadithi iliyokusanywa na ndugu Grimm wa Ujerumani. Katika michezo ya namna hiyo kila mtoto alipewa kazi aliyoiweza. Aliyeweza kutembea alitembea. Asiyeweza alipiga kengele moja kwa wakati wake, na bila kengele hiyo mchezo haukuendelea. Nyimbo zao za michezo ya watoto zilianza kutolewa mwaka 1962 na zinatumika shuleni katika nchi nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihamia Marekani. Walifanya kazi katika taasisi ya Devereux huko Pennsylvania, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1967 waliendesha mradi wa tiba ya muziki katika idara ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Watoto wa mradi huo walikuwa wadogo, wenye umri chini ya miaka saba, na wengi wao hawakuongea. Walifanya kazi pia katika shule za umma za Philadelphia na kuwafundisha walimu wa elimu maalumu.

Mtoto mmoja wa mradi huo anajulikana katika vitabu vyao kwa jina la Edward. Alikuwa na umri wa miaka mitano na nusu. Aliingia chumbani akipiga mayowe. Nordoff hakujaribu kumnyamazisha. Alisikiliza sauti ya mayowe hayo, akapiga piano katika ngazi ileile ya sauti na kumwimbia. Taratibu kilio cha mtoto kilianza kufuata muziki, kikawa kitu kilicho kati ya kulia na kuimba. Sauti ilirekodiwa, na kipindi hicho kimesikilizwa na wanafunzi wengi wa tiba ya muziki duniani.

Njia yake

Msingi wa njia ya Nordoff ni imani kwamba kila mtoto, hata akiwa na ulemavu mkubwa, ana ndani yake uwezo wa kuzaliwa nao wa kuitikia muziki. Uwezo huo yeye na Robbins waliuita mtoto wa muziki. Ulemavu, hofu na mazoea humzingira mtoto huyo na kumficha. Kazi ya mtabibu ni kumfikia na kumpa nafasi ya kutenda.

Mambo makuu ya njia hiyo ni haya:

- Muziki hubuniwa papo hapo. Mtabibu haji na wimbo tayari ambao mtoto lazima aufuate. Anaanza na kile mtoto anachofanya: pumzi, mwendo, sauti au pigo moja la ngoma.
- Mtoto ni mpigaji, si msikilizaji tu. Anapewa ngoma, matoazi, kengele au ala nyingine ambayo hahitaji kujifunza kabla ya kuipiga, naye pia huimba.
- Muziki lazima uwe mzuri. Nordoff alikataa wazo kwamba kwa watoto wenye ulemavu kelele yoyote yatosha. Alitumia piano kwa ustadi uleule aliotumia jukwaani.
- Kila kipindi hurekodiwa, kisha rekodi husikilizwa tena na kuandikiwa maelezo kabla ya kipindi kinachofuata.

Kutokana na rekodi hizo, Nordoff na Robbins walipanga namna 13 za watoto kuitikia muziki, kuanzia mtoto mwenye uhuru kamili wa mapigo hadi yule anayepiga bila mpangilio, anayepiga kwa nguvu za hasira au anayekwepa kila pigo la mwenzake. Walitengeneza pia vipimo vya kuonyesha uhusiano kati ya mtoto na mtabibu unavyokua kutoka kipindi hadi kipindi. Kwa hatua hiyo walijaribu kuitoa kazi yao katika simulizi na kuifanya iweze kukaguliwa na watu wengine.

Muziki na mtindio wa ubongo

Mtindio wa ubongo ni hali ya kudumu ya mwendo na mkao wa mwili inayotokana na madhara katika ubongo ambao bado unakua: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya kwanza ya maisha. Miongoni mwa sababu zake ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa uzazi, umanjano mkali wa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo na malaria kali inayoingia ubongoni. Daktari Mwingereza William John Little alieleza hali hiyo kwa kirefu mbele ya chama cha wakunga na madaktari wa uzazi cha London mwaka 1861. Madhara ya ubongo wenyewe hayaongezeki, lakini misuli inaweza kukakamaa zaidi mtoto asiposaidiwa kuitumia. Watoto wengine wana misuli iliyokaza, wengine mwendo wa kujinyonganyonga wasioutaka, na wengine hukosa usawa wa mwili. Wengi wana akili timamu ambayo watu hawaioni kwa sababu mdomo na mikono haitii.

Muziki hauondoi madhara ya ubongo. Msaada wake uko kwingine. Pigo la kurudiarudia huuandaa mwili kwa tendo linalokuja, kwa kuwa sikio linajua pigo lijalo litaanguka lini. Jambo hilo linafahamika vizuri Usukumani, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita, ambako ngoma ya bugobogobo ilitokana na kilimo cha pamoja. Ngoma inapopigwa, majembe hupanda na kushuka kwa pamoja, na uchovu wa mmoja hubebwa na mwendo wa wote.

Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kuingia katika mstari wa namna hiyo. Anapoambiwa apige ngoma, mkono wake huchelewa. Akiharakishwa, misuli hukaza zaidi na mkono huchelewa zaidi. Hapo ndipo Nordoff aligeuza utaratibu: badala ya mkono kufuata ngoma, piano ilifuata mkono. Mtoto alipoinua fimbo, muziki ulipanda na kungoja pamoja naye, hata kama ni kwa muda mrefu. Fimbo ilipogusa ngozi ya ngoma, sauti ya piano iliangukia hapohapo. Kwa sikio la mtoto, pigo lake halikuchelewa. Likawa ndilo pigo lenyewe ambalo muziki ulikuwa unalisubiri. Baada ya mtoto kupata uhakika huo, mpiga piano aliweza kuongeza mwendo kidogo kidogo, au kumwalika asubiri, apige kwa nguvu au kwa upole.

Nordoff hakuwa peke yake katika uwanja huu. Nchini Uingereza mpiga selo Juliette Alvin (1897–1982), aliyezaliwa Ufaransa, alianzisha mwaka 1958 chama kilichokuja kuwa chama cha tiba ya muziki cha Uingereza. Mwaka 1965 alitoa kitabu kuhusu muziki kwa mtoto mwenye ulemavu, na mwaka 1968 alianzisha kozi ya tiba ya muziki katika shule ya Guildhall mjini London. Alvin alitegemea zaidi selo yake, wakati Nordoff alitegemea piano na sauti. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990, Michael Thaut na wenzake walichunguza matumizi ya mapigo yaliyopimwa kusaidia kutembea, njia ambayo imejaribiwa pia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Katika njia hiyo pigo ndilo linaloongoza hatua, kinyume na utaratibu wa Nordoff.

Vitabu

Nordoff na Robbins waliandika pamoja vitabu kadhaa. Cha kwanza, kuhusu tiba ya muziki kwa watoto wenye ulemavu, kilitoka mwaka 1965. Mwaka 1971 vilifuata viwili: Therapy in Music for Handicapped Children, ambacho dibaji yake iliandikwa na mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, na Music Therapy in Special Education, kilichokusudiwa walimu. Kitabu chao kikubwa, Creative Music Therapy, kilitolewa mwaka 1977, mwaka uleule Nordoff alipofariki. Mihadhara aliyoitoa kwa wanafunzi wake mwaka 1974, kuhusu nguvu ya sauti na ngazi zake katika kazi za watunzi wakubwa, ilihaririwa na Clive Robbins na mkewe Carol na kuchapishwa mwaka 1998.

Miaka ya mwisho

Baada ya mradi wa Pennsylvania kumalizika mwaka 1967, Nordoff na Robbins walifanya kazi kwa miaka kadhaa katika nchi za Skandinavia na Finland, wakitoa mihadhara na kuwaonyesha walimu na madaktari namna ya kufanya kazi na watoto. Mwaka 1974 mafunzo rasmi ya kwanza ya njia yao yalifunguliwa katika hospitali ya Goldie Leigh mjini London.

Katika miaka hiyo sheria za elimu zilikuwa zinabadilika. Nchini Uingereza, watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili walikuwa nje ya mfumo wa shule hadi sheria ya mwaka 1970 ilipowaingiza. Nchini Marekani, haki ya kila mtoto mwenye ulemavu kupata elimu ya umma iliwekwa katika sheria ya shirikisho mwaka 1975. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Nordoff ilifanyika kabla ya haki hizo kutambuliwa, pamoja na watoto ambao wengi walikuwa hawatarajiwi kujifunza lolote.

Nordoff alifariki tarehe 18 Januari 1977 katika mji wa Herdecke, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 67.

Urithi

Clive Robbins aliendeleza kazi pamoja na mkewe Carol, hasa kwa watoto viziwi na wenye ulemavu zaidi ya mmoja, na mwaka 1989 kituo cha Nordoff-Robbins kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha New York. Nchini Uingereza njia hiyo ilikua na kuwa shirika kubwa la hisani linalofundisha watabibu na kutoa tiba. Tangu mwaka 1976 wanamuziki na makampuni ya muziki huchangia shirika hilo kupitia tuzo za Silver Clef zinazotolewa London kila mwaka. Njia hiyo ilienea pia Ujerumani, Australia na nchi nyingine, na siku hizi hutumika pamoja na watu wazima na wazee.

Kazi yake imekosolewa kwa mambo mawili. Kwanza, inahitaji mpiga ala hodari sana na mara nyingi watabibu wawili kwa mtoto mmoja, jambo ambalo ni ghali hata katika nchi tajiri. Pili, ushahidi wa awali ulitokana na visa vya mtoto mmoja mmoja, bila vikundi vya kulinganisha kama inavyotakiwa katika utafiti wa tiba. Waliofuata nyayo zake wamejibu kwa kufanya tafiti zaidi, na kwa kutumia ala nyingine badala ya piano, zikiwemo gitaa na ngoma.

Kama mtunzi, Nordoff hajulikani sana leo. Opera zake hazichezwi mara nyingi, ingawa baadhi ya nyimbo zake bado huimbwa. Muziki wake mwingi wa miaka 18 ya mwisho haukukusudiwa jukwaa: ulibuniwa mara moja, katika chumba chenye piano na ngoma, kwa ajili ya mtoto mmoja, na umebaki katika kanda za rekodi.